Kundi la Gumzo la Wapenda Ndege: Mitunguu Waanzie Wapi?

Kuanzisha kundi la gumzo kwenye simu ni kazi ya dakika moja. Unaandika jina la kundi, unachagua watu katika orodha yako ya namba, unabonyeza, basi. Ndiyo maana simu zetu zimejaa makundi: la ukoo, la kanisa, la chama, la wazazi wa gredi ya saba, la harusi iliyofanyika mwaka juzi na kamati yake haijavunjwa hadi leo. Ugumu huja baada ya hiyo dakika moja. Wiki ya kwanza kila mtu anasalimu. Wiki ya pili mmoja anatuma tangazo la mikopo. Wiki ya tatu watu wananyamazisha arifa, na kufikia mwezi wa tatu kundi limebaki jina.

Kundi la ukoo au la chama huvumilia hali hiyo kwa sababu lina kitu kinacholishikilia, yaani damu au pesa. Kundi la uraibu halina hata kimoja. Wanachama wamekutanishwa na kitu wanachokipenda, na siku gumzo litakapoacha kukizungumzia, hakuna kitakachowazuia kuondoka. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kundi la namna hii haliuawi na uhaba wa watu. Linauawa na ukosefu wa mambo matatu: kazi moja inayojulikana, mipaka inayolindwa, na mahali pa kuweka yale yanayostahili kudumu. Tutayatazama mambo hayo kwa kuchukua mfano wa watu wa Mitunguu wanaopenda kutazama ndege na wangetaka kuanza kuzungumza pamoja mtandaoni. Anayependa drafti, upigaji picha au ufugaji wa nyuki anaweza kubadilisha jina la uraibu na kuchukua mengine yote.

Kwa nini ndege, na kwa nini hapa

Mitunguu iko Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru, chini ya Nkubu, pale ambapo baridi ya miteremko ya Mlima Kenya inakwisha na joto la Tharaka linaanza. Wageni wengi wanaijua kwa ndizi, na ndizi hizo zinastawi kwa mradi wa umwagiliaji unaotumia maji ya mto Thingithu. Kwa mtazamaji wa ndege mchanganyiko huo ni neema: mashamba mabichi hata wakati wa kiangazi, mito yenye vichaka kandokando, na nyika kavu isiyo mbali. Chozi hufyonza nekta katika maua ya migomba, kwarara hutafuta wadudu kwenye udongo uliolowa, kwera husuka viota kwenye miti ya uani. Kuanzia Septemba hivi mbayuwayu wa Ulaya huanza kuwasili, na baadhi yao hukaa nchini hadi Aprili.

Kuna pia sababu kubwa zaidi. Nchi yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege ina wachache sana wasiopatikana penginepo duniani, na mmoja wao, zogoyogo wa Hinde, makao yake ni mashamba na mabonde ya upande huu: kuanzia Meru, kupitia Embu, Kirinyaga na Mwea, hadi Machakos. Ni ndege wa kahawia mwenye mabaka meupe yasiyo na mpangilio, macho mekundu na kelele nyingi, anayetembea kwa vikundi vidogo katika vichaka vya kando ya mito. Vichaka hivyo mara nyingi ni vya lantana, mmea ambao mkulima anauhesabu kuwa gugu na kuung'oa. Hivyo basi aliye karibu zaidi na ndege huyu si mtalii wala mtafiti. Ni mkulima mwenye panga, mwanafunzi anayevuka mto kwenda shule, na mwendesha bodaboda anayepita kwenye daraja lilelile kila siku.

Watu hao hawana pa kukutana. Nairobi ipo Nature Kenya, chama kilichotokana na jumuiya ya wapenzi wa historia ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, na matembezi yake ya Jumatano asubuhi, yaliyoanza mwaka 1971 chini ya Fleur Ng'weno, yamewafunza ndege vizazi vya Wakenya. Lakini aliye Mitunguu hawezi kufika Nairobi kila Jumatano. Kwake, simu ndiyo mahali pekee pa kumwuliza anayejua na kumwonyesha asiyejua. Kundi la gumzo linaziba pengo hilo halisi, na kundi lisiloziba pengo lolote halina sababu ya kuanzishwa.

Mafunzo ya vyumba vya zamani

Gumzo la watu wengi kwa pamoja halikuletwa na WhatsApp. Mwezi Agosti mwaka 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, alibuni IRC, mfumo uliowawezesha watu kuingia katika chumba chenye jina na kuandikiana papo hapo. Mambo mawili ya mfumo ule yamebaki hadi leo. La kwanza, kila chumba kilikuwa na mada, na jina la chumba lilimwambia mtu kinachozungumzwa kabla hajaingia. La pili, kila chumba kilikuwa na wasimamizi wenye uwezo wa kumtoa mvurugaji. Vyumba visivyo na wasimamizi macho vilitekwa na wakorofi haraka.

Kenya ilipata somo lake kwa njia chungu. Mashada, uwanja wa mazungumzo mtandaoni ulioanzishwa na David Kobia, ulikuwa kwa miaka mingi kijiwe cha Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni, wakizungumza habari za muziki, mapenzi, siasa na utani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 lugha ya kikabila iliingia kwa nguvu, usimamizi ukashindwa kuizuia, na mwishoni mwa Januari 2008 Kobia akaufunga. Mahali pake akaweka tovuti yenye jina lililomaanisha kwamba mtu hana kabila, na katika miezi hiyohiyo akashiriki kujenga jukwaa la mtandaoni la Ushahidi. Funzo kwa mwanzilishi wa kundi dogo ni kwamba mazungumzo ya furaha hayana kinga ya asili. Yanayotokea nchini yataingia kundini siku yoyote, na wakati wa kuamua mtafanya nini ni kabla hayajaingia.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, gharama ya intaneti ilianza kushuka, na vijana wakahamia kwenye simu. Programu ya 2go kutoka Afrika Kusini ilipendwa sana kwa sababu ilifanya kazi kwenye simu za bei nafuu na kutumia data kidogo. Ilikuwa na vyumba vya gumzo vya watu wasiojuana, na nyota za vyeo kwa waliokaa humo muda mrefu. Ilipokuja WhatsApp, watu walihama kwa maelfu. Vyumba vya wageni vikaachwa, makundi ya watu wenye namba za wenzao yakashamiri. Tulipata ukaribu na tukapoteza uwazi: chumba cha zamani mtu aliingia kwa kupenda mada, kundi la leo mtu anaingizwa kwa kuwa namba yake iko kwenye simu ya fulani. Makundi mengi ya uraibu yanaharibikia hapo, mlangoni.

Kuchagua jukwaa

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni programu ipi iliyo bora. Swali la manufaa zaidi ni programu ipi tayari iko kwenye simu za wale unaowataka. Katika Mitunguu jibu ni WhatsApp, na mtu anayenunua bando la siku mojamoja hataongeza programu nyingine kwa ajili ya ndege. Kampuni za simu huuza hata bando za WhatsApp pekee, kwa hiyo mwanachama anaweza kuwa na WhatsApp na asiweze kufungua kitu kingine chochote. Ukimtumia kiungo cha video iliyo mahali pengine, umemtumia mlango uliofungwa.

WhatsApp ina mapungufu matatu yanayopaswa kujulikana mapema. Kwanza, namba ya simu ya kila mwanachama huonekana na wenzake. Pili, kwa kawaida anayeingia leo haoni yaliyosemwa jana, kwa hiyo maswali yaleyale yatarudi kila mgeni anapoingia. Tatu, hubana picha ili ziwe nyepesi, na picha ya ndege mdogo aliye mbali ikibanwa hugeuka doa. Telegram huhifadhi mazungumzo yote kwa atakayekuja, humwezesha mtu kuficha namba yake, na huruhusu kundi la watu hadi 200,000. Discord hugawa mazungumzo katika vyumba vidogo vya mada, jambo linalofaa jamii kubwa yenye kompyuta. Hata hivyo ubora wa chombo haufidii kutokuwapo kwa watu. Anzeni na WhatsApp, mkijua udhaifu wake, na mzibe pengo kwa kanuni.

Idadi nayo isiwatie tamaa. Tangu mwisho wa mwaka 2022 kundi la WhatsApp limeweza kubeba watu 1,024. Hicho ni kipimo cha mtambo, hakisemi watu wangapi wanaweza kuongea wakaelewana. Kundi la watu 12 wanaotazama ndege kweli litakuwa na picha, maswali na majibu kila wiki. Kundi la watu 300 waliokusanywa ovyo litakuwa na watu kumi wanaoongea na 290 wanaojiuliza walifikaje humo. Waanzilishi wawe wachache, kila mmoja awe ameulizwa na kukubali kabla ya kuingizwa, na mgeni aje kwa kuletwa na mwanachama atakayemweleza kanuni.

Kazi moja, imeandikwa

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuunda kundi, waanzilishi wakae chini ya mti au mezani kwenye kibanda cha chai wajibu swali moja: mtu akifungua kundi hili akiwa amechoka jioni, atarajie kukuta nini? Jibu liandikwe kwa sentensi moja au mbili katika maelezo ya kundi, pale ambapo kila anayeingia huweza kulisoma. Kwa mfano: “Hapa tunaonyeshana na kutambua ndege wa Mitunguu na majirani zake. Kila picha au sauti ije na mahali, siku na saa.” Maelezo hayo yanamwambia mtu la kufanya, na pasipo maneno ya ukali yanamwambia lisilofanywa.

Jina nalo lifanye kazi. “Marafiki wa Kweli” halimwambii mtu chochote. “Ndege wa Mitunguu” linatosha, na aliyebandika tangazo la viatu katika kundi lenye jina hilo anajua mwenyewe kwamba amepotea njia.

Wasimamizi wawe angalau wawili, na ni vyema wasiwe wa nyumba moja wala wa rika moja. Msimamizi mmoja akiugua, akisafiri au akipoteza simu, kundi linabaki yatima. Mmoja akiwa mwalimu na mwingine kijana, kila upande utakuwa na mtu wa kumwendea bila woga. Hilo lina uzito katika jamii yetu, ambapo kijana hawezi kumkemea mzee mbele ya watu. Utaratibu mzuri ni kwamba onyo la kwanza hutolewa faraghani, na hutolewa na msimamizi anayelingana na mhusika kwa umri au heshima. Mzee aliyetuma video ya siasa akiambiwa kwa simu, “Mzee, shikamoo, ile video naomba tuiondoe, kundi letu ni la ndege,” ataiondoa. Akiambiwa hivyohivyo mbele ya watu 40 atajitetea, na mabishano yatakula siku mbili.

Swali linalojibika

Uhai wa kundi la kutambua ndege unategemea ubora wa maswali. Chukua ujumbe huu: picha yenye ukungu, na chini yake “Huyu ni nani?” Hakuna anayeweza kujibu, na asiyejibiwa mara mbili haulizi mara ya tatu. Sasa chukua huu:

“Habari za asubuhi. Nimewaona saba leo saa moja na nusu, kichakani kando ya mto, chini ya shamba letu la ndizi. Kahawia, mabaka meupe kichwani na kifuani, macho mekundu. Wanapiga kelele wote pamoja. Nimetuma na sauti. Mwalimu, ni zogoyogo wa Hinde au yule mwenzake?”

Ujumbe huo una idadi, saa, aina ya mahali, rangi, tabia na sauti, na unataja mahali kwa kiasi tu. Na swali lake ni la maana, kwa sababu katika ukanda huu kuna zogoyogo mwingine mwenye tumbo jeupe safi anayeweza kuchanganywa na wa Hinde. Mwalimu naye akijibu asitoe jina peke yake. Aseme ameona nini: “Kama mabaka ya kifuani hayana mpangilio, na tumbo si jeupe lote, naona ni wa Hinde. Jaribu kupata picha ya kifua.” Jina tupu humsaidia mtu mmoja leo. Sababu ya jina huwafunza watu wote waliosoma, wakiwamo wale wasiowahi kuandika neno.

Mbinu chache za simu zinasaidia sana. Kata picha ili ndege ajaze fremu kabla ya kuituma, maana WhatsApp ikiibana picha nzima, ndege ndiye anayepotea kwanza. Tangu mwaka 2023 programu hiyo imekuwa na njia ya kutuma picha kwa ubora wa juu, itumieni pale inapohitajika tu, kwa kuwa bando ni la mtu mwingine. Kwa asiye na darubini wala kamera nzuri, ujumbe wa sauti ni silaha: shika simu juu, nyamaza kwa sekunde 20, ndege aimbe. Wengi hutambulika kwa sauti haraka kuliko kwa picha. Na asiyejua jina la Kiswahili aandike jina la Kimeru analolijua. Mkusanyiko wa majina ambayo Waimenti na Watharaka huwaita ndege walewale ungekuwa zawadi ambayo kundi la Nairobi haliwezi kuitoa.

Mipaka na anayeilinda

Kanuni ziwe chache kiasi cha kukumbukwa bila kusomwa. Tano zinatosha: ndege tu, hakuna ujumbe wa kusambaza kutoka makundi mengine, hakuna siasa, mikopo, kamari wala biashara, hakuna matusi, na viota havitajwi mahali vilipo. Salamu za asubuhi zenye picha za maua zinahitaji uamuzi wa wazi, kwa sababu ndizo zinazojaza simu na kuwafanya watu wanyamazishe kundi. Msizipige marufuku kwa hasira. Kubalianeni kwamba salamu huambatana na jambo, kama ulivyoona katika mfano hapo juu.

Michango ni suala gumu zaidi. Mwanachama akifiwa, kundi lolote la Wakenya litataka kuchanga, na kukataa kutaonekana ukatili. Njia ya heshima ni kutangaza msiba mara moja, kisha kufungua kundi jingine la muda kwa ajili ya mchango na kulifunga baada ya mazishi. Hivyo utu unatimizwa bila kundi la ndege kugeuka kamati.

Yanayosambazwa yanahitaji tahadhari ya pekee. Tangu Januari 2019 WhatsApp imewawekea watumiaji wote duniani kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ikabana zaidi zile jumbe zilizokwisha kuzungushwa sana, zipelekwe kwa gumzo moja tu kila mara. Kampuni yenyewe, basi, ilikiri kwamba ujumbe usio na mwenyewe ni hatari. Sheria nayo haijalala: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 iliweka adhabu kwa uchapishaji wa habari za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni, na msimamizi anayeacha chuki izunguke kundini mwake asitarajie kwamba neno “uraibu” litamkinga. Msimu wa uchaguzi ukikaribia, kumbusheni kanuni mapema. Mambo yakichemka, tumieni kitufe kinachowaruhusu wasimamizi pekee kuandika, hata kwa siku mbili, hadi watu watulie.

Usalama wa watu na wa ndege

Kwa kuwa namba zinaonekana, kila anayeingia anapata namba za wote. Tapeli anahitaji hicho tu ili kumpigia mtu akijifanya wakala wa pesa za simu. Kundi liwe na mlango: msimamizi aidhinishe kila anayeingia, na kiungo cha kujiunga kisibandikwe hadharani. Wanafunzi wakitaka kushiriki, na ndio wenye macho makali kuliko wote, washiriki kupitia simu ya mzazi au mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na busara ilitaka hivyo kabla ya sheria.

Ndege nao wanahitaji faragha. Bundi bado wanaogopwa na wengi kama mkosi, na wengine huuawa kwa mawe wakikutwa. Ukituma picha ya bundi na kiota chake, ukaandika ni nyuma ya shule ipi, huenda umetia saini hukumu yake. Mwenye nia njema pia huweza kudhuru: watazamaji kumi wakienda kwenye kiota kimoja kwa siku moja, wazazi huweza kukikimbia. Andikeni eneo kwa upana, “kando ya Thingithu,” na msitaje kichaka. Kumbukeni kwamba picha ikitumwa kama faili badala ya picha ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa huweza kubaki ndani yake. Iwapo mtu ataonyesha ndege wa porini aliyemnasa na anayetaka kumuuza, aambiwe waziwazi kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu.

Kumbukumbu zisipotee

Gumzo ni kama maji ya mfereji: hulinywesha shamba yanapopita, na hayarudi. Mtu aliyemwona zogoyogo wa Hinde mwezi Machi, akapongezwa na wote, kufikia Juni hataweza kuupata ujumbe wake chini ya rundo la mengine. Miaka mitano baadaye simu imeharibika na habari yenyewe haipo tena.

Watazamaji wa ndege wa Kenya wanalijua hili. Kwa miaka mingi walipashana habari kupitia kundi lao la Yahoo lililoitwa Kenyabirdsnet. Mwishoni mwa mwaka 2019 Yahoo ilianza kufuta yaliyohifadhiwa katika makundi yake duniani kote, na Desemba 2020 ikafunga huduma hiyo kabisa. Aliyetegemea kampuni imtunzie kumbukumbu hakuwa na wa kumlaumu. Kampuni hufunga milango kwa ratiba yake, haiulizi ratiba yako.

Dawa ni kuyatoa yanayostahili kudumu na kuyaweka panapofaa. Kwa ndege wa Kenya pako Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege unaoshirikisha Makumbusho ya Kitaifa. Nchi imegawanywa katika miraba yenye takriban kilomita tisa kila upande. Mtazamaji hukaa katika mraba mmoja kwa angalau saa mbili, akiandika kila aina kwa mpangilio anaoiona, na anaweza kuongeza kwenye orodha hiyohiyo kwa hadi siku tano. Programu ya BirdLasser hurekodi hata pasipo mtandao, kisha hutuma mtandao ukipatikana, jambo la maana kwa mabonde yetu. Ukitaka kuona uzito wa kazi hii, linganisha na atlasi ya ndege wa Kenya ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy iliyotoka mwaka 1989, ambayo miraba yake ilikuwa na takriban kilomita 55 kila upande. Katika mraba mkubwa hivyo, Mitunguu yote ni nukta. Katika mraba wa kilomita tisa, bonde la jirani yako linaonekana.

Mteueni mtu mmoja awe mwandishi wa kundi. Kila Jumapili jioni apitie mazungumzo ya wiki, ayatoe yaliyothibitishwa, ayaweke kwenye ramani na katika daftari, kisha atume kundini muhtasari wa mistari mitano: aina zilizoonwa, aliyeziona, swali ambalo bado halijajibiwa. Muhtasari huo unafanya kazi tatu kwa mpigo. Unahifadhi, unampa heshima aliyetoa habari, na unamrudisha kundini yule aliyekuwa kimya wiki nzima.

Kutoka simuni hadi mtoni

Gumzo peke yake halitoshi kujenga jamii. Watu ambao hawajawahi kuonana hukasirikiana kwa urahisi, kwa sababu maandishi hayana sura wala tabasamu. Kundi likutane ana kwa ana mara moja kila mwezi, alfajiri kabla ya jua kuwa kali, kwa matembezi ya saa mbili kando ya mto. Saa mbili hizo zinatosha orodha kamili ya ramani, kwa hiyo burudani na kazi vinakamilika pamoja. Darubini moja ikizungushwa mkononi mwa watu kumi huwafunza wote. Mwezi Mei, siku ya Global Big Day ambayo watazamaji wa dunia nzima huhesabu ndege kwa saa 24, kundi la Mitunguu linaweza kutoa hesabu yake sawa na Nairobi au Naivasha.

Baada ya miezi mitatu waanzilishi wajipime, na wasijipime kwa idadi ya wanachama. Waulize: je, maswali yanajibiwa ndani ya siku moja? Je, kuna watu waliokuwa hawajui chochote na sasa wanawajibu wengine? Je, kuna orodha iliyofika kwenye ramani? Majibu yakiwa ndiyo, kundi liko hai hata kama lina watu 15. Yakiwa hapana, kuongeza wanachama kutaongeza kelele tu. Rudini kwenye kazi moja iliyoandikwa, mtazame ilipopotelea.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa Mitunguu, Nkubu, Embu au Chuka: usianze kwa kuunda kundi. Anza kwa kuwatafuta watu watatu wanaoinua macho ndege akilia, mkubaliane kazi, kanuni na mwandishi, ndipo mbonyeze kitufe. Na kabla hujakata kichaka cha lantana kando ya mto, kitazame kwa dakika kumi, halafu uwaandikie wenzako ulichokiona.